Mohamed Amin: Mpiga Picha Aliyeionyesha Dunia Hali Yetu

Katika wana wa Afrika Mashariki waliopata kubeba kamera, ni shida kumtaja aliyejulikana ulimwenguni kumshinda marehemu Mohamed Amin, ambaye wenzake katika kazi walizoea kumwita Mo. Kazi yake ilianzia Dar es Salaam katika miaka ya 1950, akiwa mvulana wa shule. Ilikatika baharini, karibu na ufuo wa kisiwa cha Ngazidja, tarehe 23 Novemba 1996.

Watu wengi humkumbuka kwa jambo moja, nalo ni zile picha za njaa ya Ethiopia za mwaka wa 1984. Kumkumbuka kwa hizo si makosa, kwani picha hizo zilitikisa dunia nzima. Lakini amjuaye kwa njaa peke yake amemjua nusu. Mtu yule yule ndiye aliyepiga picha za Ziwa Turkana, za reli ya Mombasa, za fuo za pwani yetu na za mahujaji uwanjani Arafat. Zote zilitoka katika mikono ile ile, na hapana budi zitazamwe pamoja.

KIJANA NA KAMERA YA MKONO WA PILI

Mohamed Amin alizaliwa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, tarehe 29 Agosti 1943. Mzee wake alikuwa ametoka Punjab, akaja Afrika Mashariki kutafuta riziki kama walivyofanya wengi wa wakati wake, akafanya kazi katika shirika la reli. Nyumba yao haikuwa ya matajiri. Mnamo mwaka wa 1952 mzee alihamishiwa Dar es Salaam, na huko ndiko mtoto alikokulia, akisema Kiswahili cha mji ule.

Alipokuwa na umri wa miaka 11 hivi alipata kamera ndogo aina ya Box Brownie, iliyokwisha tumiwa na mtu mwingine. Ilikuwa kama sanduku tu lenye tundu la kioo. Kwa kamera hiyo alianza kupiga picha, na shuleni akajifunza kuzisafisha na kuzichapa katika chumba cha giza.

Mwaka wa 1958, alipokuwa bado mwanafunzi, magari ya mashindano ambayo baadaye yalikuja kuitwa Safari Rally yalipita Dar es Salaam. Kijana alitoka na kamera yake, na picha alizopiga zikauzwa gazetini. Basi akatambua kwamba picha ya jambo lililotokea leo ina wanunuzi, na kwamba kesho haina bei tena.

Mwaka wa 1963, akiwa na umri wa miaka 20 tu, alifungua kampuni yake mjini Dar es Salaam, akaiita Camerapix. Ilikuwa ni kampuni ya mtu mmoja na kamera zake.

UNGUJA NA KIINUA MIGUU

Wakati ule ulikuwa wakati wa mambo mengi. Tarehe 12 Januari 1964 yalitokea mapinduzi ya Unguja, na siku nane baadaye askari wa Tanganyika wakaasi Dar es Salaam. Amin alikuwa karibu na yote mawili. Alivuka kwenda Unguja na kamera yake ya sinema, akapiga picha za mambo aliyoyaona, na filamu zake zikaonyeshwa katika nchi za mbali. Wako wengi hapa pwani ambao jamaa zao walifikwa na mambo ya siku zile, nao wanajua kwamba kushuhudia hakukuwa mchezo.

Yafaa msomaji akumbuke jinsi kazi hiyo ilivyofanywa. Picha ya televisheni haikurushwa hewani kwa dakika moja kama ilivyo sasa. Ilikuwa ni filamu iliyotiwa ndani ya kopo, kopo likapakiwa katika ndege kwenda London, na huko ndiko iliposafishwa na kukatwa. Mpiga picha aliyepata picha nzuri akachelewa kuifikisha uwanja wa ndege alikuwa sawa na yule asiyepata kitu. Kwa hivyo Amin alijifunza mapema kujuana na watu wa ndege, wa forodha, wa polisi na wa hoteli.

Mwaka wa 1966 ujasiri wake ulimtia matatani. Alikamatwa Unguja baada ya kupiga filamu zilizoonyesha mafunzo ya kijeshi yaliyosimamiwa na wageni kutoka Urusi na Ujerumani ya Mashariki, jambo ambalo wakuu hawakutaka lijulikane. Alitiwa katika gereza la Kiinua Miguu, akakaa huko takriban siku 28, akateswa. Serikali ya Kenya iliingilia kati, akatolewa na kurudishwa Kenya akiwa amekonda na afya imemharibikia.

Tangu hapo makao yake yakawa Nairobi. Mtu mwingine angeliiacha kazi hiyo akafungua duka la picha za pasipoti na za harusi, akalala usingizi wake. Yeye aliendelea.

SIKU ALIPOUAWA TOM MBOYA

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, mchana, Waziri Tom Mboya alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa katika Government Road mjini Nairobi, barabara ambayo sasa ni Moi Avenue. Amin alipata habari akafika mara moja. Alipiga picha za watu waliokusanyika, kisha za wale waliokuwa wakijaribu kuyaokoa maisha ya waziri huyo ndani ya gari la wagonjwa.

Filamu hiyo ilimpatia tuzo ya mpiga picha bora wa televisheni wa mwaka huo nchini Uingereza. Hata hivyo ilileta swali ambalo liliiandama kazi yake yote. Je, ni halali kumpiga picha mtu anayekata roho? Katika mila zetu mgonjwa mahututi huwekewa pazia, na maiti hufunikwa. Macho hayana pazia, lakini adabu inalo.

Swali hilo halina jibu jepesi. La kusema ni kwamba picha ya mfa ni amana. Ikipigwa kwa ajili ya fedha na tamasha, ni dhuluma. Ikipigwa ili watu wajue la kweli lililotokea, uvumi ukome na historia isije ikapotoshwa, basi ina faida yake. Kifo cha Mboya kilizua uvumi mwingi nchini na ghasia mitaani. Picha za Amin zimebaki kuwa ushahidi wa dakika zile, na hata leo haiandikwi historia ya siku ile bila ya kuzitazama.

NCHI KAVU NA MAJI

Tangu miaka ya 1970 Amin alipiga picha za habari kila mahali. Alimjua Idi Amin wa Uganda tangu alipotwaa serikali mwezi wa Januari 1971, akapiga picha zake katika fahari na katika vituko. Alipiga picha za Waasia waliofukuzwa Uganda mwaka wa 1972, watu ambao asili yao ilikuwa kama asili yake. Hata Idi Amin alipokwisha pinduliwa akapotea machoni, ni Mohamed Amin pamoja na mwandishi Brian Barron wa BBC waliomkuta Jeddah mwaka wa 1980 wakamhoji.

Lakini baina ya vita kimoja na kingine alikuwa na kazi nyingine, nayo ni vitabu. Alizunguka nchi kwa Land Rover, kwa ndege ndogo na kwa miguu, mara nyingi akiwa na mpiga picha mwenzake Duncan Willetts na mwandishi Brian Tetley. Kitabu chake juu ya Ziwa Turkana na watu wake, "Cradle of Mankind", kilitoka mwaka wa 1981. Katika kurasa zake zinaonekana nchi kavu yenye mawe meusi, maji ya kijani, visiwa vya volkeno, na watu wa Turkana, El Molo na Rendille katika shughuli zao. Wakati huo Wakenya wengi wa miji hawakuwa wameiona sehemu hiyo ya nchi yao hata pichani.

Vikafuata "Journey through Kenya" mwaka wa 1982 na "Journey through Tanzania" mwaka wa 1984. Hiki cha pili kina maana yake. Nchi iliyomtia gerezani miaka 18 kabla yake ndiyo aliyorudi kuipiga picha za milima, mbuga na miji. Hakulipa ubaya kwa ubaya.

Mwaka wa 1986 kilitoka kitabu cha reli, "Railway Across the Equator". Ndani yake njia inafuatwa kuanzia Mombasa, kupitia nyika ya Tsavo, kupanda bonde la ufa hadi Uganda. Huenda kwa mtoto wa mfanyakazi wa reli kazi hiyo ilikuwa kama kurudisha fadhila. Na mwaka huo huo kilitoka kitabu cha picha za pwani ya Kenya, chenye fuo, mashua, misikiti ya kale na mitaa ya miji yetu.

Wako waliodhani kwamba vitabu hivyo ni vya watalii tu. Kweli watalii walivinunua, lakini vilimpa Amin kitu ambacho waripota wageni hawakuwa nacho, yaani kuijua njia. Aliyekwisha pita barabara ya kaskazini akitafuta picha ya machweo huijua pia siku ya maafa. Anajua petroli hupatikana wapi, kiwanja cha ndege kiko wapi, na mzee gani wa mahali aamkiwe kwanza. Ripota kutoka London alianza kuuliza. Amin alikuwa amekwisha fika. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo, na katika kazi ya picha methali hiyo ni kweli tupu.

SAFARI YA MAKKA

Katika vitabu vyake vyote, kile ambacho huenda Waislamu wa pwani wakakipenda zaidi ni "Pilgrimage to Mecca", kilichochapishwa mwaka wa 1978. Kazi hii hakuweza kuifanya ripota yeyote wa magharibi asiyekuwa Mwislamu, kwa kuwa asiye Mwislamu haruhusiwi kuingia Makka. Amin aliomba ruhusa ya serikali ya Saudia, akaipata, akaenda na kamera zake.

Waliokwisha hiji wanajua uzito wa jambo hilo. Kuna joto, kuna msongamano, kuna mamia kwa maelfu ya watu wanaokwenda mahali pamoja kwa saa moja. Kupiga picha katika tawafu bila ya kumkera mwenye kuabudu kunataka adabu na subira. Picha zake zinaonyesha Kaaba na mzunguko wa watu kuizunguka, mahema ya Mina yaliyotanda hadi upeo wa macho, na kisimamo cha Arafat ambapo mfalme na hamali huvaa nguo ya aina moja.

Mababu zetu waliondoka Mombasa na Lamu kwa vyombo vya bahari kwenda Jeddah, na waliobaki nyumbani waliyajua ya Makka kwa masimulizi tu. Kwa mtu ambaye hakujaaliwa uwezo wa kwenda, kitabu kama hiki kilimwonyesha kwa macho yale aliyoyasikia kwa masikio tangu utotoni.

KOREM

Sasa tufike Ethiopia. Mwaka wa 1984 ukame na vita viliharibu majimbo ya Tigray na Wollo. Serikali ya Addis Ababa ilikuwa na shughuli za sherehe, kwani mwezi wa Septemba ilitimiza miaka 10 tangu kumwondoa Mfalme Haile Selassie, nayo haikutaka waandishi waende kaskazini. Watu walikuwa wakifa kwa maelfu bila ya dunia kujua.

Amin ndiye aliyehangaikia ruhusa na usafiri mpaka vyote vikapatikana. Mwezi wa Oktoba alifika Korem na Mekele pamoja na Michael Buerk wa BBC. Katika uwanda wa Korem makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika katika baridi ya alfajiri, wamejifunika matambara, wakingojea chakula ambacho hakikuwepo. Usiku watu walikufa. Asubuhi jamaa waliwasafisha na kuwasitiri kwa vitambaa walivyonavyo. Kamera ya Amin ilipita polepole juu ya nyuso hizo. Haikukimbia, wala haikutafuta vituko.

Filamu ilionyeshwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984. Baada ya muda mfupi ilikuwa imeonyeshwa na vituo vya televisheni zaidi ya 400 duniani. Yaliyofuata yanajulikana. Wanamuziki wa Uingereza walitoa wimbo wa msaada mwaka huo huo, wenzao wa Marekani wakafuata mwaka wa 1985, na tarehe 13 Julai 1985 likafanyika tamasha kubwa la Live Aid mjini London na Philadelphia. Serikali zilizokuwa zimenyamaza zilianza kupeleka nafaka. Wangapi walipona kwa sababu ya filamu ile, Mungu ndiye ajuaye, lakini hapana shaka kwamba ni wengi sana.

Hapa lile swali la mwaka wa 1969 lilipata sehemu ya jibu lake. Pazia liliondolewa kwa mgonjwa, na kwa sababu liliondolewa, tabibu alikuja.

Hata hivyo jambo hili lina upande wa pili, nao husemwa hadi leo. Tangu Korem, watu wengi wa Ulaya na Marekani wakilisikia jina la Afrika huona mtoto mwenye tumbo tupu na inzi usoni. Bara zima likafanywa ombaomba. Lawama hiyo si ya uongo. Lakini haimwangukii mtu aliyekwisha chapisha kitabu juu ya kitabu cha nchi nzuri na watu wenye heshima zao. Yeye alionyesha mavuno na ukame pia. Walioamua kuukumbuka ukame peke yake ni watazamaji na wakubwa wa magazeti ya mbali.

MKONO MMOJA

Mwezi wa Mei 1991 serikali ya Mengistu ilianguka, na wapiganaji wakaingia Addis Ababa. Amin alikuwepo kama kawaida yake. Tarehe 4 Juni ghala kubwa la silaha lililipuka mjini humo. Alikwenda kupiga picha za moto, na mlipuko mwingine ukamkuta papo hapo. Mwenzake wa Kenya aliyeshughulikia sauti, John Mathai, aliuawa. Amin alijeruhiwa vibaya na akapoteza mkono wake wa kushoto.

Kwa mpiga picha, mkono ni kama sauti kwa muadhini. Wengi walidhani amekwisha. Alikwenda Marekani akatengenezewa mkono wa bandia, akajifunza upya kubeba kamera na kuiendesha, na baada ya miezi tu alikuwa amerudi kazini. Hata hivyo kifo cha Mathai hakikuwa na dawa. Tarehe 12 Julai 1993 waandishi wanne waliuawa Mogadishu na umati wenye hasira, wakiwemo Wakenya wawili wa shirika la Reuters, Hos Maina na Anthony Macharia. Habari anazozitazama mtu jioni akinywa kahawa zina gharama ambayo haionekani katika picha.

BAHARI YA NGAZIDJA

Jumamosi tarehe 23 Novemba 1996 Amin na Brian Tetley walikuwa wakirudi Nairobi kutoka Addis Ababa, walikokwenda kwa shughuli za gazeti ambalo Camerapix ililichapishia Shirika la Ndege la Ethiopia. Ndani ya ndege walikuwamo watu 175. Baada ya kuruka, vijana watatu waliiteka nyara, wakamlazimisha rubani Leul Abate awapeleke Australia. Rubani aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi. Hawakusadiki.

Rubani aliifuata pwani ya Afrika kuelekea kusini, kisha akageukia Visiwa vya Ngazija. Mafuta yalikwisha, injini zikazima, na ndege ikaanguka majini karibu na hoteli ya Galawa upande wa Mitsamiouli. Wenyeji na wageni wa hoteli walikimbilia vyombo kwenda kuokoa. Watu 125 walikufa, wakiwamo watekaji wenyewe, 50 waliokoka. Amin na Tetley hawakuwamo katika waliookoka. Waliosalimika walisimulia kwamba Amin alikuwa amesimama akizungumza na watekaji na kujaribu kuwatuliza hadi dakika za mwisho. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Kuanguka kwa ndege hiyo kulipigwa picha na mtalii aliyekuwa ufuoni na kamera ndogo ya video, na filamu yake ikaonyeshwa duniani kote. Basi hata siku ya mwisho wake habari ilipigwa picha, isipokuwa safari hii si na yeye.

ALICHOKIACHA

Maiti yake ilirudishwa Nairobi ikazikwa huko. Baada ya kufa kwake iliundwa taasisi yenye jina lake ya kuwafunza vijana wa Afrika kazi ya habari za televisheni, na mwanawe Salim Amin akaishika kazi ya Camerapix. Mwaka wa 2006 ilitoka sinema juu ya maisha yake, "Mo & Me". Mwaka wa 2021 maelfu ya picha zake yaliwekwa katika mtandao wa Google, ambapo kila mtu anaweza kuzitazama bila ya malipo.

Hazina hiyo ina faida kubwa kwetu sisi. Nchi zetu zilipopata uhuru, picha nyingi za mambo yetu zilipigwa na wageni, zikachukuliwa kwao, zikawekwa huko. Za Amin zilipigwa na mtu aliyezaliwa Eastleigh, akakulia Dar es Salaam na kuyalipia aliyoyaona kwa mwili wake. Atakayetaka kuonyesha watoto wake jinsi mji fulani, ziwa fulani au siku fulani ilivyokuwa ana mahali pa kwenda. Na kila mji wetu wa pwani una nyumba zenye masanduku ya picha za kale za harusi, za maulidi, za majahazi na za wazee waliokwisha tangulia, zinazoliwa na chumvi na mchwa. Zikipotea, hakuna Mohamed Amin mwingine wa kurudi nyuma kuzipiga. Ni juu ya wenyewe kuzihifadhi.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na awarehemu wote waliokufa pamoja naye.